Picha ya Taya la Kushoto

...ng'ata taratibu, mama, anasema huyu binti wa kupiga picha, Hadiya, usimeze mate, usitikisike, na mimi nimeng'ata, kishikio cha plastiki kinanichoma chini ya ulimi, filamu imesimama kando ya gego la kushoto, lile linalouma, kama ni lenyewe linalouma, maana ndilo nililokuja kuuliza, na aproni ya risasi, ya kuzuia mionzi, imenilalia kifuani, nzito, picha ya kwanza nimeshaiharibu, ukungu mtupu, akasema turudie tu, si kosa lako, lakini ni kosa langu, nilitikisika kwa sababu nilimkumbuka Herman, mdogo wangu, naye alianza hivihivi, uvimbe kama punje ya harage, taya la kushoto, akasema ni jino, sote tukasema ni jino, kwetu Maretadu kila kinachouma mdomoni ni jino, yule mzee mng'oa meno wa gulioni akang'oa la kwanza, wiki mbili baadaye akang'oa la pili, halafu la tatu, yote mazima, ya kahawia kama yangu, maji yetu ndivyo yanavyotufanya, lakini mazima mpaka mizizi, na mimi ndiye niliyemshika kichwa, viganja vyangu masikioni mwake, tulia Herman, tulia, akatulia, na uvimbe ukaendelea kukua... subiri kidogo mama, naiweka mashine sawa, anasema Hadiya, mkono wa mashine unanigusa shavu, baridi, nasubiri, sijaja hapa Mbulu mjini kukimbia, Patriki mume wangu alisema jana jino ni jino, ling'olewe turudi kwenye palizi, nikamwambia halitang'olewa jino lolote mdomoni mwangu kabla hakijaonekana kilichopo chini yake, hajazoea kunisikia hivyo, na daktari Modest asubuhi alinieleza vizuri, Mama Brightness, jicho langu linaishia kwenye ufizi, hii picha ndogo itanionyesha jino lote mpaka ncha ya mzizi, na mfupa unaolizunguka, ningekuwa natafuta matundu yaliyojificha kati ya jino na jino ningekupiga ile nyingine, ya kung'ata, inayoonyesha meno ya juu na ya chini pamoja, nikamuuliza na mtu akitaka kuona taya lote, akaniangalia, hiyo ni mashine inayozunguka kichwa, hapa hatuna, ni mpaka Arusha, kwa nini unauliza taya lote, nikasema nauliza tu... nauliza tu, mwongo mimi, nilijua jina la ile picha kabla hajanieleza, niliwahi kulisoma kwenye karatasi, karatasi ya Herman, alikuja nayo kwangu kwa sababu mimi ni wa kwanza kuzaliwa, mahindi yalikuwa yamekauka shambani, akasema dada, kwenye zahanati wameniandikia nikapigwe picha ya taya zima Arusha, nikasema vuna kwanza, picha haitakimbia, akauliza nimwambie Bernadina, nikasema usimtishe mkeo, ndivyo nilivyosema, sikusema neno jingine, akaikunja karatasi akaitia mfukoni, tulipomaliza kuvuna mdomo ulikuwa haufunguki tena, anakunywa uji kwa mrija, na Kwaresima tukamzika, Bernadina akilia pale kaburini, laiti mtu angetuambia, laiti tungejua, na mimi nimesimama karibu yake nimemshika mkono... haya mama, fungua kidogo, ng'ata tena, vizuri, naenda nyuma ya ukuta, usitikisike, nasikia kandambili zake, na nje ya mlango huu Bernadina ameketi kwenye benchi, ameshika shuka langu, alipanda basi la alfajiri pamoja nami bila kuombwa, akasema wifi, safari hii hatubahatishi, mwaka mzima ananiita wifi kwa sauti ileile, ananiletea maziwa, na mimi nayanywa... basi, ikionyesha ni jino, namshukuru Mungu, isipoonyesha, Arusha nitakwenda, wiki hii, palizi ikae, daktari nitamwambia habari za mdogo wangu, zote, aandike, lakini hayo ni ya baadaye, picha hii isije ikanichagulia la kusema, kwa sababu ikiwa safi najijua, nitafurahi, nitanyamaza tena, na ikiwa mbaya Bernadina atanihurumia, nami nitajificha ndani ya huruma yake, kwa hiyo nitamwambia kabla, nikivua tu aproni hii, kabla daktari hajaniita, nitaketi kando yake kwenye lile benchi, akiondoka na aondoke, akinitupia shuka langu nitaliokota, mate yamejaa sasa, simezi, shingo inauma, haisogei, tulia hivyohivyo mama, anasema Hadiya nyuma ya ukuta, bado hajabonyeza, nami natazama mlango, maneno ya kwanza nimeshayapata, ni machache, wifi, Herman alijua, na mimi nilijua...