Namba ya Mbolea

Usiangalie pembeni. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa posho mill pale Kisegi, na wewe ulikutana nalo uso kwa uso, debe la mahindi kichwani. Lilisema kuna mswada wa kurekebisha sheria inayolinda habari za watu, na kwamba mwananchi mwenye maoni aje ukumbini Homa Bay ayatoe. Ulisoma mstari wa kwanza. Ukasema hayo ni mambo ya watu wa Nairobi wenye kompyuta, mimi nina nini cha kuficha? Ukaingia kusaga mahindi yako. Ulipotoka ulinunua mandazi kwa Eucabeth Bonareri, ambaye alikuwa na kitu cha kuficha, na ukayasifu, na hukujua. Hiyo ndiyo ilikuwa haki yake: wewe usijue.

Eucabeth alikuja huku na mume wake Ratemo, fundi wa mawe kutoka Nyamira, wakati ule wa kujenga soko. Soko likaisha, Ratemo naye akaisha. Alizikwa kwao, mjane akarudi kwa karai lake. Wanawake wa hapa walimwita Nyar Kisii, binti wa Kisii, mwanzoni kwa kumpima, baadaye kwa kumpenda, mpaka jina lake la kanisani likabaki la kanisani tu. Alikuwa na kiplot cha mahindi cha kukodi nyuma ya josho. Wakati wa makambi ya Wasabato yeye ndiye aliyeshika jikoni, na hakuna shemasi aliyethubutu kumwambia chumvi imezidi.

Dawa zake alizichukua Migori. Kituo cha afya kilikuwa karibu, ungeweza kutupa jiwe ukagonga bati lake. Lakini pale karibu anayeandika kadi ni shemeji ya fulani na anayefagia ni binamu ya fulani. Kwa hiyo mara kwa mara Eucabeth alipanda gari la asubuhi na gunia tupu, akisema anafuata unga wa ngano wa bei ya jumla, na kweli alirudi na unga. Dawa zilikuwa ndani ya unga. Watu wetu wanaenda Migori kuchukua, watu wa Migori wanakuja kuchukua kwetu, wanapishana pale Karungu kila mmoja na gunia lake la uongo. Kabla sheria haijaandikwa kwenye karatasi, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu. Umbali.

Na mbolea? Mbolea haikuwa siri. Mbolea ya ruzuku ilipokuja, kila mkulima aliambiwa aweke kidole kwenye mashine na atoe namba ya simu ya kupokea ujumbe. Simu ya Eucabeth ilikuwa ya kufungwa na mpira, betri inakufa katikati ya salamu. Akatoa namba ya Roseline. Wote walitoa namba ya Roseline. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ndiye mwenye sola, na kibanda chake cha dagaa wa omena kiko pale mtandao unaposhika. Ujumbe ukiingia anausoma kwa sauti soko zima lisikie, na mwenye mbolea anapiga kigelegele. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Simu ya mmoja ni ya wote.

Siku ya soko, wiki moja baada ya makambi, Roseline alisimama kwenye kibanda chake, simu mkononi, miwani puani.

"Nyar Kisii! Serikali inakutafuta tena!"

"Iambie sijaolewa nayo!" Eucabeth akajibu bila kuinua macho kwenye mafuta.

Wanawake wakacheka. Dorah, muuza nyanya, aliyekuwa anakunywa uji kwenye benchi la Eucabeth, akasema, "Si ukubali tu, angalau hiyo ina mshahara."

"Ngojeni nisome. Inasema: Eucabeth Bonareri, hukufika kliniki yako Migori wiki iliyopita. Usikatize dawa zako za kupunguza makali ya virusi vya—"

Sauti yake ilikuwa imezoea kupaa. Ilichelewa kushuka.

Eucabeth aligeuza mandazi ambayo hayakuwa tayari kugeuzwa. Akayageuza tena. Alikosa kliniki kwa sababu ya makambi, kwa sababu alikuwa anapikia watu, watu hawa hawa, na alikuwa na vidonge vya akiba vya kumfikisha Jumatatu. Alitaka kusema hilo. Kwamba hakukatiza. Kwamba hajawahi kukatiza hata siku moja. Lakini utaanzaje kujitetea kwa kosa la pili kabla watu hawajamaliza kukuhukumu kwa la kwanza?

Dorah aliweka kikombe chini. Hakukitupa. Alikiweka polepole kwenye benchi, uji nusu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

"Nimekumbuka nimeacha nyanya peke yake," akasema. Nyanya zilikuwa mbele yake, zinamwangalia.

Roseline alivuka njia akiwa bado ameshika simu. "Nyaminwa, dada yetu, mimi sikujua. Nilidhani ni mbolea. Hii namba ni ya mbolea!"

"Ni sawa."

"Wamekosea. Sijui wamekosea wapi."

"Ni sawa, Roseline. Omena yako inaliwa na paka."

Jioni hiyo mandazi yalibaki, na kesho yake yakabaki. Keshokutwa alipika machache, hayo nayo yakabaki. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Waliuliza habari za asubuhi wakiwa mbali kidogo, wakasema leo tumbo halitaki mafuta. Mokua, mwanawe anayepakia malori pale Isebania mpakani, akapiga simu.

"Mama."

"Ndiyo, Mokua."

"Umekula?"

Tangu azaliwe hajawahi kumuuliza hivyo. Eucabeth akajua habari imefika mpaka mpakani, na kwamba mtoto wake ameisikia kutoka kwa mtu mwingine, pengine juu ya lori, pengine kwa kicheko. Alisema amekula. Betri ikafa hapo hapo, na akashukuru kwamba imekufa.

Alienda Homa Bay. Alivaa nguo yake ya Sabato siku ya kazi, akakaa kwenye foleni ya ile ofisi mpya ya serikali waliyofungua kwa ajili ya majaribio, yenye bango lililoandikwa *Huduma Zote Mahali Pamoja*. Mtu wa dirishani aliitwa Wangwe, jina lilikuwa limening'inia kifuani. Kitu cha kuning'inia kifuani mimi nakijua. Wakati wa mkoloni babu zetu walivalishwa kipande shingoni kama kengele ya mbuzi, ndani yake jina, alama za vidole na bwana wao nani, na walikipokea wakiambiwa ni kwa faida yao.

"Shida yako?" Wangwe akauliza.

Eucabeth akasogeza mdomo kwenye kitundu cha kioo, akasema.

"Ongea kwa sauti, mama. Sikusikii."

Akasema tena.

"Ujumbe wa nini? Wa kliniki gani?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imetega masikio, watu wakijifanya wanasoma ukuta. Eucabeth akataja kliniki. Kwa sauti.

"Ah." Wangwe akabonyeza, akasoma. "Mfumo haujakosea, mama. Zamani wakulima walikuwa na rejista yao, hospitali na yao. Sasa tumeunganisha. Kitambulisho chako kina namba mbili za simu, ya kliniki na ya mbolea. Ya mbolea ndiyo ya karibuni. Mfumo unachukua ya karibuni."

"Hiyo si yangu."

"Nani aliitoa?"

"Mimi. Niliitoa kwa mbolea."

"Uliweka kidole?"

"Niliweka kidole kwa mbolea."

"Kidole ni kile kile, mama. Ama uko na kidole cha mbolea na kingine cha hospitali?" Akacheka. Foleni nayo ikacheka, kwa sababu mwenye dirisha akicheka unacheka, wewe bado hujahudumiwa.

Eucabeth hakucheka. "Sista wa kliniki, Liz, aliniambia kuna sheria. Kwamba habari yangu haitoki bila mimi kukubali."

"Iko. Na ndiyo inarekebishwa." Wangwe hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole, kama anayemwonyesha mzazi njia ya choo. "Hilo neno idhini linachelewesha kazi. Linatolewa, inawekwa manufaa ya umma. Mswada ukipita, ofisi zitapeana habari zenyewe tu, hata hutasumbuliwa kuulizwa. Sasa hivi tunajaribu tu."

"Mnajaribu na mimi."

"Na wote, mama. Si wewe peke yako."

"Basi toa hiyo namba. Weka yangu."

"Hiyo ni kazi ndogo." Akabonyeza, akangoja. "Haya, nisomee namba ya siri iliyotumwa kwa simu yako."

Eucabeth akatoa simu mkobani, akafungua mpira, akaiangalia. Ilikuwa kimya.

"Haijaingia."

"Imeingia. Imetumwa kwa ile ya mbolea. Mpigie huyo mtu akusomee."

Akilini akamwona Roseline kwenye kibanda chake, miwani puani. Akawaona akina mama wakigeuka. *Nyar Kisii yuko Homa Bay, serikali imemtumia namba ya siri.* Kidole chake kilikaa juu ya kitufe, kikaondoka.

"Haiwezekani bila hiyo?"

"Ni kwa usalama wako, mama. Tukibadilisha ovyo, mtu mwingine anaweza kuona habari zako."

Aliliangalia lile jina kifuani. Alitafuta kama kuna mzaha usoni kwake, hakuuona.

"Unaweza kuacha malalamiko," Wangwe akasema. "Yatajibiwa."

"Yatajibiwa kwa simu gani?"

"Nani anafuata?"

Aliyaacha malalamiko, kwa sababu alikuwa ametoka mbali na hakutaka kurudi mikono mitupu. Gari la kurudi lilipita Lambwe, watu wanapalilia mahindi yaliyokuwa mabichi na manene, mahindi ya mbolea.

Sabato iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana. Wewe uliyekuwepo unajua, lakini nitasema kwa aliyekaa nje. Kabla ya mkate, watu wanatawadhana miguu, wanaume upande wao, wanawake nyuma ya kanisa chini ya turubai. Wawili wawili, beseni na taulo. Unapiga magoti mbele ya mwenzako unamwosha, kisha na yeye anapiga magoti. Mwenye ugomvi na mtu anamfuata huyo huyo. Mwaka baada ya mwaka Eucabeth na Roseline walioshana. Hawakupangiwa na mtu. Roseline alikuwa na nyufa kwenye visigino, na Eucabeth alikuwa akimwambia hizo nyufa omena inaweza kulala ndani.

Siku hiyo wanawake walipata wenzao haraka. Haraka mno. Eucabeth alikaa kwenye benchi la ukutani, viatu amevua, ameviweka sawasawa chini. Angeweza kubaki nyumbani. Alikuja kwa sababu hii ni ibada ya unyenyekevu, na kama kuna mahali ambapo angeguswa, ni hapa.

Roseline alikuwa amesimama karibu na madebe ya maji na mke wa mzee wa kanisa. Walisemezana. Mke wa mzee akampa kitu kutoka kwenye kikapu, akamshika mkono, akasema, na ilisikika, "Ni usafi tu, dada. Hata hospitali wanafanya."

Roseline alikuja na beseni. Alikuwa amevaa glavu. Zile nyeupe za mpira, za wakunga, jozi moja tu, na hapakuwa na mwanamke mwingine chini ya turubai lile aliyevaa.

Akapiga magoti. Hakuinua uso. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuweza kuyafuta, mikono imevalishwa.

"Nyar Kisii," akasema chini chini. "Lete mguu."

Eucabeth angeweza kukataa. Aliuangalia mguu wake, akaangalia ile mikono isiyo na ngozi. Akautia mguu majini. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Mpira ulipita juu ya vidole vyake ukilia, ule mlio wa glavu iliyolowa, na hakuhisi mkono wa mtu.

Kwenye benchi, mkobani mwa Roseline, simu ikaita mlio wa ujumbe.

Kila mwanamke, taulo mkononi, akaugeukia ule mkoba. Roseline akaacha kuosha. Eucabeth alijua ni nini, kwamba malalamiko yake yamepokelewa. Hakuna aliyeusoma kwa sauti. Hapakuwa na haja.

Na wewe ulikuwa pale, au mama yako alikuwa pale. Miguu yako ilikuwa imeshakauka. Ulijifanya unafunga kamba ya kiatu.

Mswada haujapita. Sikia: haujapita. Kikao cha maoni kiko ukumbini Jumanne, asubuhi, na wanategemea viti viwe vitupu ili waandike kwamba wananchi hawana pingamizi. Watakupa soda na mkate ukifika, kunywa, lakini usitie sahihi ukatoka. Shika kipaza sauti. Sema neno idhini libaki pale lilipo. Sema kidole nilichoweka kwa mbolea ni cha mbolea. Na kama utaona haya kusimama mbele ya watu, kumbuka yule aliyeambiwa aongeze sauti dirishani, na akaongeza.

Inuka sasa. Gari la Homa Bay linaondoka alfajiri.