Namba Chini ya Rangi

Prisila alinipigia simu nikiwa nasonga ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja ni kazi ya kijinga: unga kidogo, sufuria kubwa, na ukiungua huna wa kumlaumu. Nikapokea kwa hasira, kama ninavyopokea simu zote.

"Shikamoo, fundi Evarist. Lile gari la baba limepata mnunuzi hapa Dar. Ila anataka uhakika kwamba injini ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani."

Gari lenyewe ni la Kiingereza, la viti viwili, la mbio, lililoachwa hapa Nachingwea na Mzungu mmoja wa mradi wa karanga. Marehemu Mwalimu Alfred, baba yake Prisila, ndiye aliyekuja kulimiliki. Tangu afariki limelala gerejini kwangu chini ya turubai.

"Siyo yenyewe," nikamwambia. "Injini yake iliibwa zamani."

"Na nani?"

"Na Isihaka."

"Nitumie tu picha ya namba, fundi. Mnunuzi hataki maneno."

Hataki maneno! Nikakata simu.

Isihaka alikuwa mwenzangu. Gereji tuliianza wawili, na tulikuwa watani: kila asubuhi ananiita mwizi, nami namwita mwizi, wateja wageni wanashtuka, sisi tunacheka. Mwaka 2003 mke wangu Teodosia alilazwa hospitali ya Mnero. Nilikaa naye wiki tatu, kisha nikamzika. Niliporudi kazini niliwasha gari la Mwalimu, lililokuwa likikohoa wakati naondoka. Likaunguruma kwa upole ambao sikuwahi kuusikia. Nikafunua boneti: injini ya kijani sasa ina rangi ya kijivu. Kulikuwa na tajiri mmoja wa Lindi mwenye gari la aina hiyo, aliyekuwa akiisumbukia sana injini yetu ya asili. Nikajua wamebadilishana, Isihaka kapewa cha juu.

Nikamwita mwizi mbele ya watu. Alisubiri nicheke. Mpaka leo naiona ile sura ikisubiri. Alipoona sicheki akasema, "Kwangua rangi usome namba." Brashi ya waya nilikuwa nayo mkononi. Nikamjibu kwamba sihitaji kusoma, masikio ninayo. Kesho yake alifunga spana zake kwenye gunia, akahamia Ruangwa na mkewe na binti yao Raudha, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mwaka wa kwanza mtu aliniletea salamu zake mara mbili. Sikujibu.

Kwa hiyo nilipofunua turubai baada ya simu ya Prisila sikuwa natafuta ukweli. Nilitaka kumwonyesha yule binti kwamba mimi sisemi hovyo. Nikapaka tina ya kulainisha rangi ubavuni mwa bloku ya injini, nikasugua. Kijivu kikatoka, kikaja kijani, kisha chuma. Namba zikaanza kujitokeza moja moja. Nikazilinganisha na zile za kwenye kibati cha kiwandani kilichopigwa ribiti kwenye bodi ya gari, nyuma ya injini. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Nikavaa miwani, nikarudia, nikazipapasa kwa kidole. Zote sawa. Na ndani ya kila tarakimu ilikuwa imeganda ile rangi ya kijani ya zamani, kitu ambacho hakiwezekani kwa namba iliyogongwa baadaye.

Nikafungua kifuniko cha valvu. Gasketi ilikatwa kwa mkono, na mkono ule naujua. Mimi nilikuwa Mnero namuuguza Teodosia, na mwenzangu alikuwa peke yake hapa, anaitengeneza injini iliyonishinda, anaipaka na rangi, ili nikirudi nikute angalau kitu kimoja kimekaa sawa. Nami nikamwita mwizi kwa sababu aliifanya vizuri mno.

Kukwangua kulichukua dakika kumi. Nililia, mzee mzima, nimekaa chini na brashi. Nikatamani kumwambia mtu, na mtu pekee ambaye angeelewa alikuwa yeye.

Asubuhi nikaenda Ruangwa. Nilitaka jambo moja tu, aniite mwizi. Akiniita hivyo nitajua nimerudishwa.

Nilimkuta uani, amekaa mkekani anachambua korosho, nzuri huku, mbovu kule. Nikajitia uchangamfu. "Hodi! Mwizi huyu amekuja!"

Akainua kichwa, akanitazama. "Karibu," akasema. "Kaa hapo kwenye kivuli."

Sikukaa. "Namba nimeisoma, Isihaka. Ni yenyewe."

"Najua."

"Nilikukosea, ndugu yangu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku nyingi." Akatupa korosho mbovu pembeni. "Nani kakuambia ukwangue?"

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, nikashindwa kuutoa. "Binti wa Mwalimu. Kapata mnunuzi huko Dar."

"Ahaa. Mnunuzi." Mikono yake ikasimama kidogo, ikaendelea. "Mtu wa Dar, hata humjui, kaomba mara moja ukakwangua. Mimi nilikuomba umeshika brashi."

"Nilikuwa nimetoka kuzika, Isihaka."

"Ndiyo maana nilingoja. Nikasema msiba ukimtoka kichwani, atakwangua mwenyewe. Sikutaka hata uje. Nilitaka tu usikie kiu ya kujua."

Hakuwa na hasira, na hapo ndipo niliumia zaidi, maana hasira mimi naijua, ningeijibu.

Raudha, sasa mwanamke mzima, alileta maji ya kunawa, kisha ugali na kisamvu. Tukala sahani moja. Isihaka aliniuliza kuhusu mvua, akaniuliza kuhusu magoti, akanisogezea kitoweo kama anavyosogezewa mgeni yeyote wa heshima. Mara mbili nilimchokoza kwa utani. Mara zote mbili alitabasamu kwa adabu.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka mwisho wa uzio, tukashikana mikono, akarudi kwenye korosho zake. Nilikuwa bado nafunga kamba za viatu nje ya uzio nilipomsikia Raudha akiuliza.

"Baba, kwani yule ni nani?"

"Fundi mmoja wa Nachingwea," Isihaka akamjibu. "Alikuja kwa habari ya gari."