Mti Niliokataa Kuujua

Kila Sabato baada ya kanisa mimi huenda kwenye bustani ya mji hapa Homa Bay, daftari mkononi, kujifunza miti. Watu hucheka. Wacheke. Odhiambo, mume wangu, aliijua yote, na alizoea kunitania kwamba mimi Mgusii najua mgomba na majani chai tu. Aliahidi kunifundisha akirudi kutoka kuvua kisiwani Remba. Mashua yao ilizama mwezi wa tatu. Wenzake wawili walipatikana, yeye hakupatikana. Basi nikaamua kujifundisha mwenyewe, akija asinikute mjinga.

Leonida, anayeuza miche langoni, alinisaidia. Siala nikaijua kwa maua yake ya njano, mwarobaini kwa uchungu wa jani, mkwaju kwa majani madogo yaliyopangana pande mbili za kijiti kimoja. Ila kulikuwa na mti mmoja karibu na ukuta, wenye matunda makubwa ya kijivu yanayoning'inia kwa vikonyo virefu kama kamba. Huo niliupita nikitazama chini. Leonida alipotaka kunitajia jina lake nilimkemea, na maskini hakuwa amenikosea lolote.

Jina lake nililijua, na kazi ya tunda lile pia. Kwa kina Odhiambo, ziwa likikataa kumrudisha mtu, tunda hilo huzikwa badala yake. Mama mkwe alikuwa akingoja nikubali tangu mwezi wa tano. Mimi nilimtaka mume wangu, si tunda. Namtaka hadi leo.

Sabato iliyopita mama mkwe alikuja mwenyewe kutoka Karungu, na miguu yake ile inayomsumbua. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Aliomba nimwonyeshe nilichojifunza, nami nikamtembeza nikitaja mti mmoja baada ya mwingine kwa majivuno, mpaka tulipofika kwenye ule mti wa ukutani, nikatazama chini.

"Nyar Kisii," akasema, akiniita binti wa Kisii kama kawaida yake, "wewe uko na matumaini. Mimi sina hata mahali pa kumlilia."

Nilimtazama. Alikuwa amekonda. Miezi yote hiyo nilidhani ninayengoja ni mimi peke yangu.

"Huu ni mwegea, Mama," nikasema.

Leonida akaleta ufito mrefu wenye ndoano. Alitaka kuangua tunda la karibu, nikakataa. Nikamwonyesha la juu kabisa, refu kuliko yote, maana Odhiambo alikuwa mrefu. Lilikuwa zito. Mama akanyoosha mikono anipokee, nikamwambia bado, aniache nimbebe kidogo.