Fedha ya Matango

Kila Jumanne asubuhi nilichemsha chai ya tangawizi kwenye bilauri ya maabara, jambo ambalo Profesa Wallin alinikataza mara nyingi, kisha nikamimina dumu la Onyango kwenye beseni la umeme. Jumanne moja ya mwaka 1974 nilimimina, na likatoka jani.

Lilikuwa jani jembamba lenye manyoya, lile ambalo Waswidi wanaliita dill na kulitia kwenye kila chakula kisichoweza kukimbia.

Nilikaa chini. Kazi yangu hapo Stockholm ilikuwa kutoa fedha kwenye taka. Hospitali zikisafisha picha za eksirei, maji yanayobaki huwa na fedha ndani yake, ile ya madini. Ukiyapitishia umeme, fedha inaganda kwenye bamba la chuma, nawe unaikwangua kama ukoko wa wali. Mama aliposikia kule Bukoba kwamba natafuta fedha kwenye maji machafu, alilia, akidhani nafulia watu nguo.

Aliyeniletea maji hayo alikuwa Onyango, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa akijifunza kupiga eksirei katika hospitali moja upande wa Flemingsberg. Aliyaleta kwa treni, dumu katikati ya magoti, abiria wakimhama kwa sababu ya harufu ya siki. Akifika mlangoni husema, "Dada Getrude, nimeleta taka. Nataka chai." Sisi Watanzania hatusemi nataka, tunaomba. Nilimfundisha hivyo kwa upole, akanijibu kwamba kwao ukiomba unapewa nusu kikombe.

Lakini kwa wiki kadhaa bamba lilikuwa likitoka tupu. Nilibadilisha nguvu ya umeme, nikabadilisha bamba, nikasali rozari nzima mbele ya beseni. Profesa aliniambia kwa adabu ya Kiswidi, yaani bila kunitazama, kwamba nikishindwa tena wiki hii, meza yangu atapewa kijana mmoja anayechunguza matope. Nililia chooni, maana maabara ilikuwa na madirisha mengi.

Sasa niliinamia beseni, nikanusa. Siki, ndiyo, lakini pia sukari. Nilikuwa nimeyapigia umeme maji ya achari ya matango.

Onyango alikuwa bado amesimama mlangoni na kikombe chake. Nilimwonyesha jani. Akalitazama kama mtu anayeonyeshwa picha ya mbavu zake mwenyewe.

Alianza hadithi ndefu kuhusu jiko la hospitali, akaiacha njiani. Ukweli ni kwamba hospitali ilikuwa imenunua mashine yake ya kukamata fedha, na hakikubaki kitu cha kuniletea. Akaogopa kuja mikono mitupu. Basi akawa anajaza dumu maji ya matango yaliyoliwa na wagonjwa, akitumaini sayansi haina pua.

"Ungeniambia," nilisema. "Meza yangu inaondoka, kaka Onyango. Nilidhani mimi ndiye mjinga."

Hilo hakulijua. Aliweka kikombe chini, akaenda moja kwa moja kugonga kwa profesa. Nilimsikia kupitia ukutani, Kiswidi chake kikichechemea, akirudia neno la matango, gurka, gurka. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia katika jengo lile: Profesa Wallin akicheka. Alikuja mwenyewe kuniambia meza ni yangu, na kwamba maji halisi yatatoka hospitali nyingine, yakiletwa kwa gari la chuo.

Kwa hiyo dumu halikuwa na kazi tena. Onyango alilichukua, akasimama nalo kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Basi, Dada Getrude," alisema, "naomba radhi. Naomba niende zangu."

Masomo yangu yalikuwa yamemwingia vizuri mno. Alikwisha shika kitasa.

"Nataka," nilisema, na neno lenyewe likaniunguza masikio. "Nataka uje Jumanne. Bila taka."