Dirisha Halizibwi

Mkaguzi wa majengo alifika fundi akiwa amepandisha ukuta wa chumba kipya mpaka kifuani, pengo la dirisha limeachwa wazi. Alichora alama kubwa nyekundu kwenye tofali la kona, akafunika kopo lake la rangi, ndipo akakumbuka adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo rangi imetangulia salamu. Haya, karibu."

Mtaani walimwita Bibi Polepole, maana hata chai aliinywa kama anayeionea huruma. Kugombana hakukuwa kazi yake. Ila chumba hiki kilikuwa cha mdogo wake, aliyevunjika nyonga akawa mtu wa kitandani, na ambaye mwaka mzima alikuwa amelala kwa mwanawe, kwenye dirisha linalotazama ukuta wa ghala. Alipoulizwa anataka nini katika chumba kipya, hakutaja zulia wala feni. Alisema, "Dada, niwekee dirisha nione kitu kinachoota."

Na kitu kinachoota kilikuwepo: ua wa michongoma uliotenganisha kiwanja cha bibi na cha jirani, mnene, umejaa ndege.

"Kibali ninacho," bibi alisema.

"Kibali unacho, na kinasema ukuta wenye dirisha ukae mita tatu kutoka mpakani. Usio na dirisha, moja na nusu inatosha. Huu haujafika tatu."

"Tumepima na fundi. Kutoka kwenye ua mpaka hapa ni tatu na chenji."

"Ua si mpaka, bibi. Mpaka ni jiwe."

"Mimi nilimwambia," sauti ilitoka ng'ambo ya michongoma. Alikuwa jirani, fundi cherehani, kichwa chake kimechomoza juu ya majani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Uliniambia lini, baba? Tangu nianze kujenga wewe unanisalimia kwa kidevu."

Wakalitafuta jiwe. Bibi aliwaonyesha pale alipokumbuka, katikati kabisa ya ua, lakini palikuwa na mizizi tu. Mkaguzi akafukua kwa jembe, akirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka jembe likagonga kitu upande wa bibi, hatua nzima nje ya michongoma, chini ya majani makavu ya miaka nenda rudi. Fundi akapiga mluzi.

Bibi aliliangalia jiwe, akauangalia ua, akaelewa. Kila wiki alikata michongoma ya upande wake mpaka vikabaki vijiti vikavu, maana alipenda usafi. Mashina ya upande wake yalikufa, akayang'oa. Machipukizi yakaibukia kwa jirani, ambako hakuna aliyeyagusa. Ua ulikuwa umehama, na aliyeufukuza ni yeye.

"Kumbe mkasi wangu ndio mchawi," alisema, akacheka kidogo peke yake.

Jirani alilainisha sauti. "Mama, mimi si mtu mbaya. Ziba tu hilo dirisha, mambo yaishe."

"Ni kweli," mkaguzi alisema. "Ukiliziba, umbali unatosha. Alama naifuta leo hii."

"Tofali chache tu, bibi," fundi aliongeza. "Hata chai haitapoa."

Bibi aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mkaguzi na fundi walishaanza kukusanya vitu vyao, maana walimjua: mtu wa kukubali.

"Dirisha halizibwi," alisema.

"Basi ukuta ubomolewe, usogee ndani."

"Usogee."

Fundi alikuna kichwa. "Chumba kitabaki uchochoro, bibi. Kitanda kitaingia, lakini wa kumgeuza mgonjwa atasimama wapi?"

Bibi aliinuka, akaingia chumbani kwake, akagonga ukuta uliopakana na chumba kipya. Sauti yake ilipenya ukutani. "Toa na huu. Jenga mwingine huku kwangu, mbele ya kitanda changu."

"Huo umebeba paa."

"Na wewe ni fundi. Weka boriti."

Mkaguzi alikohoa. "Mchoro itabidi uchorwe upya, upite kwetu tena."

"Nitauleta. Mkiniambia nirudi kesho, nitarudi, na keshokutwa pia. Mimi sina haraka, uliza mtaa mzima."

"Mama," jirani alisema, "ulale kwenye chumba kama sanduku kwa ajili ya dirisha?"

"Mimi nalala nimefumba macho. Yeye anashinda ameyafumbua."

"Na kabati lako?"

"Litakaa sebuleni. Atakayeona haya aangalie pembeni."

Jirani alishika futi yake kwa mikono miwili kana kwamba ndiyo iliyomshikilia. "Bado atakuwa anatazama kwangu."

"Kwa umbali ule ule wa sheria unayoipenda. Ukimwona anakutazama, msalimie. Kwa mdomo, si kwa kidevu."

Mkaguzi aligeuka akajifanya anaangalia ndege.

Fundi alichukua nyundo, akaanza na kona. Tofali lenye alama nyekundu lilitoka zima, akaliinua kulitupa kwenye kifusi.

"Hilo usilitupe," bibi alisema. "Nataka liwe chini ya dirisha. Na usilipige plasta. Rangi iangalie kule kwa jirani."

Kichwa cha jirani kikazama nyuma ya michongoma. Bibi alienda kuanza kutoa nguo kabatini, moja moja.