Kaya Yenye Uwezo

Chuoni Dar es Salaam, Isakwisa alikuwa anakula Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku hizo alinunua wali maharage wa shilingi mia tano kwa mama ntilie nyuma ya bweni, akaomba aongezewe mchuzi. Siku nyingine alikunywa chai ya rangi, na Jumapili alisali kanisa lolote aliloambiwa lina ugeni na chakula. Malazi alibebwa: kitanda kilikuwa cha Simon, mwanachuo mwenzake, futi tatu, wakilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni mwa yule. Mwaka wa kwanza njaa ilimuuma. Mwaka wa pili haikumuuma tena. Alikaa darasani akiandika tu, na akiitwa jina lake ilimchukua muda kulisikia.

Elimu siku hizi ni kuchangia, ndivyo walivyoambiwa. Mwaka jana alipewa mkopo wa nusu ya ada, basi. Bumu, ile hela ya chakula ambayo wanachuo huisubiri kama mvua, hakupata hata senti. Safari hii fomu ilikuja na ukurasa mpya, Hali ya Kaya, wa kujazwa na mtendaji wa kata baada ya kufika nyumbani na kujionea. Akiandika hawana uwezo, Isakwisa angepata ada yote na bumu. Akiandika vingine, chuo ndiyo kwaheri.

Alishuka Tukuyu asubuhi, nauli imekwisha, akatembea saa mbili na nusu kwenye matope hadi kwao. Mtendaji alikwisha pelekewa ujumbe kwamba siku ndiyo hiyo. Isakwisa akasukuma mlango, akasimama. Hakuitambua sebule.

Kuta zilikuwa zimesiribwa upya kwa udongo mwekundu. Viti vitatu vya mito vilikuwa vimefunikwa vitambaa vya kufuma. Mezani kulikuwa na chupa ya chai, vikombe sita na visahani vyake, na redio. Mama yake, Atuganile, alikuwa uani akinyonyoa jogoo.

"Mama, hivi vitu vya nani?"

"Vya Ikupa." Ikupa alikuwa jirani yao, mfanya usafi hospitalini Igogwe, mtu wa mshahara. "Nimeazima. Si mtendaji anakuja?"

"Anakuja kuona kwamba hatuna kitu!"

"Nani kakudanganya? Usinifundishe mkopo, baba. Mwaka juzi nilikwenda kukopa mbolea. Walikuja hapa hapa, wakatazama, wakacheka. Wakaniambia, mama, huna hata kiti cha kuweka rehani. Mbolea wakampa mwenye ng'ombe. Mkopo anapewa mwenye kitu."

"Huu wa kwetu ni tofauti."

"Mkopo ni mkopo. Kalete maji."

Alimweleza tena. Mama akaendelea kunyonyoa. Nguvu ya kueleza mara ya tatu hakuwa nayo, na jogoo alikuwa ameshakufa, kwa hiyo akachukua ndoo akaenda.

Mtendaji, Bwana Ezron, alifika saa saba. Alikula paja, akala firigisi, akamalizia na ndizi zote zilizokuwa kwenye bakuli. Ndipo akafungua fomu.

"Mama, kwa siku mnakula mara ngapi?"

"Tunakula, tata. Kwangu mtu halali njaa."

"Nyama?"

"Si hiyo unayochokonoa kwenye meno?"

Wakacheka wote wawili. Mtendaji akauliza shamba. Migomba ipo, mama akajibu, na majani ya chai yapo. Hakusema kwamba tangu kiwanda kipate mwenye mali mpya, hela ya majani ilikuwa inachelewa miezi mitatu. Hakuulizwa.

"Mzee," Isakwisa akasema, "hivi vyombo ni vya kuazima."

Mama yake aliinamisha uso, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Ala! Kijana, unamwita mama yako mwongo mbele ya mgeni? Ndiyo usomi wenyewe huo?"

"Hapana, mzee."

"Omba radhi."

"Nisamehe, mama."

Mgeni husindikizwa, kwa hiyo Isakwisa alimsindikiza hadi njia panda, akimbebea mwavuli. Hapo mtendaji akasimama.

"Yupo mwenzako kule Suma. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi na fuso mbili. Nimemwandikia hana uwezo, tena yatima. Unajua kwa nini? Wale ni watu waelewa. Elfu hamsini tu."

"Sina, mzee."

"Thelathini."

"Sina hata mia."

"Basi ningekuandikiaje maskini, na kuku nimekula mwenyewe? Geuka."

Isakwisa akageuka. Mtendaji akaweka fomu mgongoni kwake, akaandika bila haraka, akitua kalamu kwa nguvu kwenye nukta. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga kati ya mabega yake. Isakwisa aliitafuta hasira, akaikosa. Kilichokuwepo ni hesabu tu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, halafu Jumatatu na Ijumaa, halafu hakuna.

"Ukizipata, fomu mpya ninazo ofisini," mtendaji akasema, akamrudishia fomu, akachukua mwavuli wake.

Nyumbani alimkuta Ikupa amekuja kuchukua vyombo. Mama akafuta mikono, akaketi kitini kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Haya, soma. Kaandikaje?"

Akasoma: "Kaya ina uwezo. Ina samani nzuri na mlo kamili. Mwombaji anaweza kujigharamia."

"Ndaga, asante Mungu wangu!" Mama akapiga makofi. "Umesikia, Ikupa? Samani nzuri! Nani tena atatunyima?"

Isakwisa alifungua mdomo. Mama yake alikuwa anacheka, na hakuwa amemwona akicheka kwa furaha namna hiyo tangu wamzike baba. Akaufunga.

"Hongera, shoga," Ikupa akasema. "Tulinagwe wangu anamaliza kidato cha sita mwakani. Mwanangu Isakwisa, hebu niandikie pembeni hayo maneno, nimkaririshe mume wangu. Yeye mtu akija na kalamu huanza kulialia shida."

Akamnyooshea kipande cha karatasi ya sukari. Isakwisa alikilaza mezani, akakinyoosha kwa kiganja. Akaandika kwa herufi kubwa, zinazosomeka vizuri: Kaya ina uwezo.

"Na samani," Ikupa akasema. "Usisahau samani."