Mume Wangu na Kalori Zake

Mume wangu alipoanza kuhesabu kalori nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mtu aliyekuwa akifunua sufuria kabla hata hajanisalimia, leo anaweka kiazi kwenye mizani ndogo ya plastiki, anakikodolea macho, halafu anaandika kwenye simu! Nikamuuliza, "Baba watoto, hicho kiazi kina homa? Naona unakipima." Hakucheka. Hapo ndipo nilipaswa kujua kwamba mambo yamekuwa mengine.

Sababu alikuwa nayo, tena nzito. Anaendesha kreni ya kupakulia makontena, na kukifikia kiti chake lazima apande ngazi ya chuma iliyosimama wima. Siku hizo alikuwa akipumzika njiani mara kadhaa, anahema, wenzake chini wanampigia miluzi. Daktari wa kazini akamwambia bila kumung'unya maneno: punguza uzito, la sivyo unashushwa, na kazi iliyobaki chini ni ya kufagia ghala. Mume wangu anaipenda kreni yake. Nilijua wakimshusha atanywea, na mimi ndiye nitakayeishi na huo unyonge.

Kwa hiyo tusidanganyane, hesabu ilimsaidia. Mimi ni fundi wa nguo, na nilimpunguzia suruali kiunoni mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana. Aliacha kukoroma. Ngazi akawa anaipanda moja kwa moja bila kusimama. Wifi yangu alipokuja kututembelea alimzunguka kama mtu anayekagua gari la kununua.

"Kaka umekuwa kijana!" akasema. "Wifi, chunga usije ukaibiwa."

"Nimeshaibiwa," nikamjibu. "Mwizi mwenyewe yuko mfukoni mwake, ana chaji asilimia tisini."

Akacheka sana, akadhani natania.

Sisi wawili tumekula sahani moja tangu tulipooana. Mwanzoni ilikuwa kwa sababu vyombo vilikuwa vichache, baadaye ikawa kwa sababu tuliona raha. Watoto walikua wakaondoka, tukabaki tunatazamana, sahani katikati, na hapo ndipo yalipopatikana mazungumzo yote ya nyumba hii. Lakini sahani moja haihesabiki. "Wewe unachota, mimi nachota, nitajuaje nimekula kiasi gani?" aliniambia, tena kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi. Akajinunulia bakuli. Anapima wali, anapima nyama, anaandika, anakula ameinama, anamaliza kabla sijapoza tonge la pili. Mimi nikaendelea na sahani kubwa kwa ukaidi tu, nakula upande wangu, upande wake naupakulia kidogo kisha naurudisha sufuriani. Nilimkumbuka mume wangu naye ameketi mbele yangu.

Kuna kipindi hesabu yenyewe ilitaka kumuua. Kalori zilizoandikwa kwenye pakiti ya mchele ni za mchele mkavu. Yeye akawa anapima wali ulioiva, umeshakunywa maji yote yale, na kuuhesabia kalori za mchele mkavu. Kumbe anakula kama theluthi tu ya anachodhani anakula! Kizunguzungu kikamkuta katikati ya ngazi, akaikumbatia mpaka wenzake walipomfuata. Nesi wa kazini ndiye aliyemchambulia kosa. Nikajisemea, haya, sasa ataachana nayo. Wapi! Yeye aliona kwamba hakuhesabu vya kutosha. Akaanza kupima hata mafuta ninayokaangia kitunguu, amenisimamia mgongoni kama askari wa trafiki.

Jumamosi moja alirudi mchana uso umemng'aa. Daktari amemwambia amefaulu, kiti ni chake. Nilifurahi kwa moyo wote, nikamkumbatia, mikono yangu ikamzunguka mpaka ikakutana mgongoni. Kisha nikaingia jikoni. Nikapika wali, nyama ya mchuzi na mboga, nikapakua kwenye sahani kubwa pande zote mbili, nikaiweka mezani. Nikaketi kumngoja kama msichana anayechumbiwa.

Akaenda kabatini, akatoa bakuli.

"Si umefaulu?" nikamuuliza.

"Nimefaulu."

"Sasa bakuli la nini?"

"Nikiacha nitarudi kulekule, mama watoto."

Hasira zikanipanda. "Haya, hesabu! Ila hesabu na hili: nakukumbuka wewe, na wewe uko hapa hapa. Umewahi kusikia kitu kama hicho? Wajane ndio wanaokumbuka waume zao mezani!"

Alisimama pale na bakuli lake kama mgeni aliyekosea nyumba. Mwisho akaliweka chini, akavuta kiti, akaketi. Akachota tonge moja. Halafu akakisukuma kipande cha nyama, kile chenye mafuta, kikaja upande wangu. Alikuwa akifanya hivyo zamani, kila tulipokula, bila kusema neno. Machozi yakanilenga. Lakini shaka nayo ikaja papo hapo.

"Hiki unanipa," nikamuuliza, "au unakikwepa?"

Akakigeuza kile kipande kwa kidole.

"Sijui," akasema. "Kweli sijui. Hata kushiba sikujui tena kukoje. Nikila nangoja simu iniambie. Nikiwa kule juu kwenye kreni huwa najiuliza, zamani tumbo lilikuwa linaniambia vipi? Nalisikiliza, halisemi kitu."

Muda wote huo nilidhani amehama akaniacha, na huko alikohamia ana raha zake.

"Kula," nikamwambia. "Ukishiba nitakuambia mimi."

"Utajuaje?"

"Tumbo nimelilisha miaka yote hii, nisilijue?"

Akacheka, kicheko chake kilekile cha puani. Tukala taratibu. Akaanza kunisimulia kwamba kutoka kule juu huwa anaiona kamba yetu ya nguo, na kwa rangi anajua leo nimefua mashuka au ovaroli zake. Sikuwahi kujua kwamba ananitazama. Nilitaka aendelee kusema hadi giza liingie.

Katikati ya maneno mkono wake ukasita juu ya sahani. Akaniangalia usoni, amenikabidhi kila kitu.

"Nimeshiba?"

Nikamtazama tumbo, nikamtazama macho, sikuona dalili yoyote. Zamani tulishiba sahani ilipokwisha, basi, hatukuwa na kipimo kingine. Niliifikiria ile ngazi. Nikafikiria pia kwamba nikisema ndiyo, atanyanyuka.

"Bado," nikamwambia.